Kuhusu Miti Uliyoihesabu Muhula Uliopita

Risala ya waelekezi wa kipindi cha Maadili na Mazingira kwa Mkurugenzi wa Elimu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa Elimu. Mwalimu Mkuu na walimu wenzake. Wazazi na walezi. Nanyi wanafunzi mliosimama juani tangu asubuhi kwa kuwa mliambiwa mgeni anakuja saa tatu:

UKARIBISHO

Karibu tena, mama. Tunasema tena kwa sababu hii ni mara yako ya pili hapa, na hiyo ya kwanza ndiyo iliyotukosesha usingizi wiki nzima. Kitambaa kilichotandikwa mbele yako ni cha Fundi Cherehani, mwenzetu, na ametuomba tukuombe uiangalie hiyo soda. Mengine yote mezani ni ya shule.

Tunajua pia kwamba juu ya kitambaa hicho kuna jalada la bluu lenye karatasi inayosubiri sahihi yako. Ukiitia, kipindi chetu kitaingia kwenye ratiba ya shule zote kumi na nne za serikali zilizo chini yako. Usipoitia, kitakwisha muhula huu na saa yake itarudi kwenye hesabu. Tunakuomba usiishike kalamu mpaka tumalize ukurasa wa tatu.

Risala hii inasomwa na mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mche. Humu ndani atatajwa mara nyingi. Tumekubaliana naye asome habari zake kama anayesoma za mtu mwingine, na asiruke neno. Akisitasita, mvumilieni.

TULIKOTOKA

Miaka sita iliyopita Bi Mche alikuja kumchukua mjukuu wake wa chekechea aliyekuwa ameumwa jino. Akawakuta wanafunzi wakimwaga mabaki ya chakula kwenye mfereji, mfereji umeziba, inzi wamejaa. Akawauliza kama nyumbani kwao wanafanya hivyo. Mmoja akamjibu kwa adabu zote: "Bibi, hilo halimo kwenye mtihani."

Yeye ni mtu ambaye nusu ya watoto wa mtaa huu walilia mara ya kwanza mikononi mwake, na hakuzoea kujibiwa na waliopita mikononi humo. Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu, jino la mjukuu likisubiri nje. Alitoka na saa moja kila Ijumaa baada ya chakula, saa ambayo hata walimu husinzia, pamoja na stoo ya madawati mabovu. Siku ya pili alimkokota Fundi Seremala, jirani yake, ayatengeneze. Seremala alisema atakaa wiki moja tu. Baadaye wakaongezeka Fundi Cherehani na Karani, mstaafu wa masjala anayeandika mwandiko mzuri na kukasirika upesi.

Kazi yetu ina utaratibu mmoja ambao lazima uujue, mgeni rasmi, maana ndio uliotufikisha hapa. Kila mtoto ana daftari lake. Kila Ijumaa anaandika mistari miwili: jambo moja alilolitengeneza wiki hiyo, na jambo moja aliloliharibu. Daftari halisomwi na mwalimu wala mzazi, ila mwelekezi wake peke yake. Hakuna kupigwa kwa kilichoandikwa, hakuna kusemwa. Na mwelekezi ni lazima ajibu kwa mstari mmoja kabla ya Ijumaa inayofuata. Asipojibu, mtoto ana haki ya kumdai jibu lake.

TUNAYOJIVUNIA

Mfereji ule sasa unapitisha maji. Maji ya kunawia mikono yanakwenda kwenye vitalu vya miche, na mpishi wa shule anashuhudia kwamba sufuria hazirudi tena na mabaki. Mwaka juzi kioo cha maktaba kilivunjika saa nne. Kabla ya saa sita aliyekivunja alikuwa ameshafika ofisini kwa miguu yake mwenyewe, na wenzake wanne wakimsindikiza asije akaogopa njiani. Mwalimu Mkuu alikuwa hajajua hata kama kuna kioo kilichovunjika.

Katika rasimu ya kwanza, hapa palikuwa na sentensi kuhusu miti. Tumeiondoa.

CHANGAMOTO

Kipindi chetu huazimwa na hesabu kila mitihani inapokaribia, na hesabu hairudishi. Muhula uliopita tulifundisha Ijumaa nne kati ya kumi na mbili. Stoo inavuja upande wa mlango. Baadhi ya wazazi hutuuliza kama maadili yana cheti, na tukisema hayana huondoka wakitikisa kichwa.

Kubwa zaidi ni bomba. Bomba la nyuma ya jiko hufungwa kwa kufuli likizo ikianza, na mlinzi huondoka na ufunguo. Hafanyi kwa ubaya, ndivyo alivyoagizwa. Likizo ni wiki sita, na mche wa mwezi mmoja haujui likizo.

Rasimu ile ya kwanza ilimalizia sehemu hii kwa kueleza kwamba miti themanini na sita kati ya mia na ishirini uliyoihesabu imekauka tangu ulipoondoka, kwa sababu ya jua kali lililotukumba. Seremala ndiye aliyeitunga sentensi hiyo. Ilikuwa tamu kuisoma, na jua lisingekuja hapa kukanusha.

UKURASA WA TATU

Mgeni rasmi, muhula uliopita ulipita nyuma ya madarasa ukiihesabu miti kwa kidole. Ulifika mia na ishirini, ukageuka ukasema hujapata kuona shule ambayo haikupoteza hata mche mmoja. Ukaandika hivyo kwenye ripoti yako, na ripoti hiyo ndiyo iliyoleta jalada la bluu.

Iliyokuwa hai ni thelathini na minne.

Iliyobaki ilikuwa matawi ya mwarobaini ulio nyuma ya ofisi. Tulirudi kutoka likizo tukakuta vijiti vikavu kwenye mashimo, na barua yako imeshafika: unakuja baada ya siku mbili. Tulikaa stoo tukitazamana. Bi Mche ndiye aliyesema, na leo anayasoma maneno yake mwenyewe: "Mgeni haji kung'oa, anakuja kutazama." Hakuna aliyempinga. Asubuhi ya siku yenyewe tulikata matawi yenye majani mabichi, tukayachomeka kwenye mashimo themanini na sita, tukamwagia maji ardhi ionekane mbichi. Tulikuvika kilemba cha ukoka, mama, nawe ukakivaa kwa furaha.

Lakini matawi themanini na sita ni mengi kwa watu wanne wa umri wetu. Kwa hiyo tuliwaita watoto wayashike.

Ijumaa iliyofuata, Bi Mche alifungua daftari la mjukuu wake, ambaye sasa yuko darasa la tano. Mwenyewe ameturuhusu tuusome mstari huo: "Nilichoharibu: nilimshikia Bibi matawi. Mgeni aliponiuliza kama miti ni yetu, nikasema ndiyo, akanipa mkono."

Bi Mche alishika kalamu akaiweka. Ijumaa ile hakujibu, wala iliyofuata, wala ya tatu, mpaka muhula ukafungwa. Nyumbani alianza kuzitafuta kazi: akapanga makabati yaliyokwisha kupangwa, akafua mapazia masafi. Akimwona mjukuu anakuja na daftari, anakumbuka kuna kitu jikoni. Mtoto alimdai jibu lake mara mbili, kisha akaacha kudai, na huko kuacha ndiko kulikomuuma zaidi.

Juma lililopita alikuwa sebuleni akiifanyia mazoezi rasimu kwa sauti. Alipofika kwenye jua kali, mjukuu akainua kichwa kutoka kwenye kazi yake ya hesabu.

"Bibi, jua gani?"

"Jua hili hili, mwanangu. Si unaliona?"

"Lakini ile haikukauka kwa jua. Ile ilikuwa haina mizizi."

"Mambo ya wakubwa hayo. Maliza hesabu zako."

Mtoto akainama, akaandika kidogo, kisha akauliza kwa upole, bila hila yoyote: "Sasa hili la jua, niliandike kwenye daftari langu, au wewe una lako?"

Bi Mche hakuimaliza rasimu. Kesho yake alituita stoo, akaweka daftari mezani, akatuambia hawezi kuja kuisoma sentensi ile mbele ya watu.

Karani aliwaka. "Unataka kutuzika! Shule kumi na nne, bibi wewe! Kumi na nne! Mngoje mgeni atie sahihi, kisha mkaungame mnavyotaka."

"Na wewe madaftari yako umeyajibu?" Bi Mche akamuuliza.

Seremala akainama, akavuta kikapu chake cha zana kutoka chini ya benchi. Chini ya randa na misumeno alikuwa ameficha madaftari kumi na moja. Watoto wake kumi na mmoja walikuwa wameandika matawi, na yeye, aliyetunga ile sentensi ya jua, alikuwa akizunguka nayo mtaani tangu muhula uliopita asijue ayapeleke wapi. Fundi Cherehani akatoa saba, yamefungwa kwenye kitambaa. Karani alikwenda kwake akarudi na tisa, akayatupa mezani, akakaa akiwa amegeukia ukuta. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake aliyeandikiwa.

Jumla ni ishirini na nane, pamoja na lile la mjukuu. Miaka sita tumewafundisha watoto kukiri, wakatukiria, sisi tukawafichia madaftari. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sisi tulikuwa tumesimama wima tukijifanya tumevaa.

Siku hiyo hiyo tuliyajibu yote kwa mstari mmoja unaofanana: "Ni kweli. Sisi ndio tulioharibu, tukakuhusisha. Ijumaa ya mgeni njoo usikilize."

Mwalimu Mkuu hakujua habari ya matawi mpaka jana, tulipompa risala hii aisome. Alituomba tuutoe ukurasa huu. Tumeuacha. Tunamwomba radhi hapa mbele yako, kwa kuwa aibu yetu inamwangukia yeye naye, na kwa kuwa ndiye aliyetupa stoo siku ambayo hakuna mwingine angetupa hata kivuli.

MAOMBI

Tunaomba ufunguo wa bomba wakati wa likizo. Bi Mche anakaa dakika tano kutoka hapa. Tunaomba pia Ijumaa yetu isiazimwe. Na ukija tena usituandikie barua. Njoo tu, hata tukiwa tumelala, ushike mche wowote uuvute.

Tunaomba uirekebishe ripoti yako kwa wino wako: thelathini na minne. Ukitaka, andika na majina yetu pembeni. Leo hai ni thelathini na minne ile ile, na hiyo tunaweza kukuonyesha.

Kuhusu jalada la bluu hatutajifanya watawa. Tunaitaka sahihi hiyo. Karani ameshaandika majina ya shule zote kumi na nne kwa mwandiko wake mzuri, na Seremala ameshapima mbao. Hata hivyo hatuwezi kukuomba uitie, kwa sababu ulichoonyeshwa sicho kilichokuwepo. Uamuzi ni wako, na ukiwa mgumu hatutakulaumu.

Tunakuomba tu, kabla hujaamua, utazame mbele yako. Watoto hawa ni mia tatu na kumi. Hawakuja kwa ajili ya hotuba, na kwa kweli wamechoka. Wako kimya hivi kwa sababu tumewaambia kwa miaka sita kwamba anayesema kweli hapigwi wala hasemwi, na wametuamini kwa neno tu. Hawajapata kumwona mtu mzima akisema kweli mbele ya mkubwa wake. Sasa wamemwona. Hawatutazami sisi tena, mama, sisi tumemaliza. Wanakutazama wewe, waone aliyesema kweli atafanywa nini.

Mwenyezi Mungu akupe hekima ya saa hii, akurudishe kwako salama, akuhifadhi wewe na uliowaacha nyumbani, vyovyote utakavyoamua.

Ni sisi, waelekezi wako wa kila Ijumaa:
Mkunga, Seremala, Fundi Cherehani na Karani,
Kipindi cha Maadili na Mazingira.