Maman Bibiane na Barua Zenye Mashimo

Huyu tunayemusindikiza leo ni mudogo yangu, Bibiane M'Lwaboshi. Walitaka Venant, mutoto wake, ndiye asome maneno ya mazishi, kwa kuwa ni profesa. Mimi Adolphine, yaya yake, dada yake mukubwa, nilikataa; nitasema bila karatasi. Venant hakumubeba Bibiane mugongoni. Mimi nilimubeba.

Alizaliwa Walungu tarehe 2 Februari 1924, mutoto wa tano wa papa yetu Lwaboshi. Mimi nilishika jembe, yeye akapelekwa kwa masista wa Nyangezi. Likizo alirudi anasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia chumvi. Kuandika jina langu nilijifunza kwake, na sikuomba zaidi.

Mwaka 1943 muchumba wake, Léopold Cirimwami, alichukuliwa na jeshi. Akavuka bahari mpaka Burma, kubeba majeruhi kwa machela. Alimwandikia Bibiane, lakini kila barua ilipita kwanza kwa ofisa muzungu, na neno lisilomupendeza alilikata kwa wembe. Barua zilifika Bukavu, wakati ule ingali Costermansville, na mashimo kama nguo iliyoliwa na panya. Bibiane alimusomea maman yetu kwa sauti. Akifika kwa shimo ananyamaza kidogo, halafu anaendelea. Maman alikuwa analia pale kwa shimo tu.

Léopold alirudi muzima. Walifunga ndoa Kadutu tarehe 27 Julai 1946, na mwaka uliofuata wakamupata Noëlla. Kila Noeli, chakula kikiisha, Bibiane alitoa barua moja na kuweka kidole kwa shimo.

“Papa Noëlla, hapa ulisemaka nini?”

“Hapo? Nilisema tulikula nyama ya nyoka.”

“Mwaka jana ulisema ni mvua!”

“Mvua ilinyesha juu ya nyoka.”

“Muongo wee! Na hapa?”

“Hapo nilikutukana. Ulichelewaka kujibu.”

Watoto walianguka na kicheko. Jibu la kweli hakulipata hata Noeli moja.

Toka 1962 mpaka 1984 alikuwa sekreteri kwenye bilo, ofisi ya kampuni ya chai, mwanamuke mweusi wa kwanza pale kukaa mbele ya mashini ya kuandika. Wakubwa walibadilika. Mwaka 1972 hata majina yetu yalibadilika kwa amri ya serikali, na ni yeye alipiga orodha ya majina mapya. Kiti yake haikubadilika. Wakati wa mapumziko alipiga nakala ya barua zote za Léopold, na kwa kila shimo akaacha nafasi nyeupe ya urefu uleule. Mukubwa wake alimwambia, “Maman, jaza hata neno moja, itasomeka vizuri.”

“Mimi ni sekreteri, Citoyen Directeur. Naandika kile nilichopewa.”

Léopold alikufa kwa ghafula tarehe 9 Oktoba 1979. Noeli ile hakuna aliyetoa barua. Halafu sukari ikamushika Bibiane, ikala miguu, ikala macho. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu aliniita karibu. “Yaya, uniwekee ndani ya sanduku zile barua za mukono wake. Nitamukuta, na safari hii hatakimbilia mvua.” Alifariki hospitalini hapa Bukavu, siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1986.

Toka jana Venant ananifuata nyuma. “Maman mukubwa, hii ni historia ya vita. Iko lazima ikae kwa bibliothèque ya chuo, watu waisome. Ukizizika, zimepotea.”

Hakusema vibaya. Lakini nilimujibu, “Zile za mashini mama yako alikuachia, na nafasi zake zote nyeupe. Chuo chako kitazijaza na nini?”

Asubuhi hii, kabla sanduku halijafungwa, niliweka barua za mukono wa Léopold chini ya vidole vya Bibiane, mimi mwenyewe. Venant ndiye aliyeninyooshea mukoba wa barua.

Anaacha watoto wake Noëlla, Venant na Colombe, wajukuu tisa, na mimi yaya yake, niliyebaki wa mwisho kati ya watoto wa Lwaboshi.

Bibiane, mudogo yangu, weka kidole kwa shimo, umuulize tena. Akisha kukujibu kweli, mupumzike wote wawili kwa amani.