Asubuhi ya Nne ya Mama Sanamaki

Ndugu waombolezaji, majirani wa Tandika na wenzetu wa soko la Buguruni, historia hii ni ya dada yetu Benedicta Hilari Nachenga, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sanamaki, na mapema ieleweke kwamba ndani yake mna jambo ambalo mumewe hakutaka lisomwe, lakini marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alimwagiza binti yake Monica lisomwe bila kufichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji cha Chiungutwa, Masasi, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1955 hadi darasa la nne mwaka 1958, akaishia hapo kwa sababu mikorosho ya baba ilihitaji mikono. Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Kasimiri Mkopi, wakahamia Dar es Salaam, Kasimiri akibeba mizigo bandarini Kurasini, naye akapata kazi kiwanda cha nguo mwaka 1971, na baada ya kungoja miaka minane, tarehe 2 Juni 1974, wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Monica.

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1988, Bi Mwanaasha, mwenyeji wa Buguruni na muuzaji wa dawa za majani, alimkaribisha mezani pake, akamfundisha sanamaki, majani ya kufungua choo, namna ya kuchambua vijiti vyote kwa kuwa ndivyo vinavyosokota tumbo, kuloweka majani kwenye maji ya moto na kipande cha tangawizi, kuchuja, na kunywa kikombe kimoja kabla ya kulala. Alimpa na sharti, ambalo marehemu alilirudia kwa kila mteja kwa miaka tisa: "Asubuhi tatu, mwanangu. Ya nne usije kwangu, nenda hospitali." Wengi mliopo hapa mlifukuzwa mezani pake kwa maneno hayo, mkanuna, na mmoja wenu alipasuliwa akapona.

Mwaka 1993 maduka ya dawa yalichipuka kila kona, vidonge vikawa ndani ya maboksi ya kung'aa, wateja wakapungua, wengine wakamcheka kwamba anauza malisho ya mbuzi, na marehemu, ambaye kiburi chake tulikipenda na leo tunakijutia, aliapa kwamba hakuna atakayemwona kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Januari mwaka huu, 1997, yeye mwenyewe alianza kufunga choo. Mganga hajigangi, lakini dada yetu alijiganga. Monica ndiye aliyemchambulia sanamaki kila jioni, akaona kanga zinampwaya mama yake, akahesabu asubuhi thelathini, kisha sitini, na siku alipothubutu kusema, "Mama, ya nne si ilishapita zamani?" alijibiwa, "Mie nikionekana hospitali kwa ajili ya tumbo, nani ataninunulia tena? We chambua." Monica akachambua, na hata baba yake hakumwambia, kwa kuogopa kumvunjia mama heshima. Ameomba hilo nalo lisemwe, kwamba anajuta.

Tarehe 24 Juni marehemu alianguka sokoni, Bi Mwanaasha akamkimbiza hospitali kwa teksi, madaktari wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, wakampasua tarehe 27, wakatueleza kwamba sanamaki haikuleta uvimbe ule, ila iliwapotezea miezi mitano. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997, saa kumi na moja alfajiri.

Kabla ya hapo alimwambia Monica, "Waambie nilikunywa miezi mitano. Wakisikia mimi mwenyewe nimekufa hivyo, sharti watalishika." Jana mchana, hapa uani, shemeji Kasimiri alikataa, akasema mkewe asiaibishwe mbele ya watu, mficha maradhi keshaumbuliwa na kifo, yatosha. Monica alileta debe la sanamaki lililobaki, akaliweka miguuni pa baba yake, akalia. Shemeji akasema, "Basi someni. Ila msome taratibu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku arobaini na sita, majirani waliopika na kufagia, wenzake wa sokoni waliofunga meza zao leo, na Bi Mwanaasha, ambaye hakubanduka kitandani pake na bado anajilaumu, ilhali sharti lilikuwa lake na lilikuwa sahihi.

Leo ni asubuhi ya tatu tangu atutoke. Kesho, asubuhi ya nne, saa moja, Monica atasimama nje ya zahanati ya hapa Tandika, na yeyote kati yenu aliyekwisha kupitisha asubuhi tatu na anaona aibu, amfuate, ataingia naye ndani, hataulizwa neno.

Dada Benedicta, tumesoma taratibu, na hatukuficha. Sasa pumzika, mama wa Monica, kwa amani.