Mwaka wa 1955 katika Maisha ya Ozella Grimball

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani, historia hii ameiandika marehemu mwenyewe kwa mkono wake, kama wafanyavyo wazee wengi wa kanisa hili ili wasije wakasifiwa uongo, akaagiza isomwe na mdogo wake, Lutheron, ambaye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Ozella Tarpley Grimball alizaliwa tarehe 9 Februari 1917 hapa Harlan's Fork, South Carolina, mtoto wa kwanza wa Bwana Amos na Bi Leola Tarpley, waliolima pamba kwenye shamba la watu, akasoma shule ya kanisa hili, vyumba viwili, miezi mitano kwa mwaka, kwa kuwa miezi mingine watoto weusi walitakiwa shambani, kisha akahitimu ualimu katika chuo cha Orangeburg mwezi Mei 1938, akarudi kufundisha shule ileile. Tarehe 14 Juni 1941 alifunga ndoa na seremala Hosea Grimball, aliyetutangulia mwaka 1979, wakajaliwa watoto wawili, Verdell na Cleophus.

Mwaka 1955, ameandika, alipita nyumba kwa nyumba akakusanya sahihi za wazazi ishirini na tisa, wakiomba watoto wetu waingie shule ya wazungu, yenye vitabu vipya na basi. Baada ya hapo ameacha nafasi tupu, na chini yake maneno haya: "Hapa aseme Luthe," yaani mimi. Wanangu walinishauri niruke. Dada hakuniachia pa kurukia.

Basi jueni. Gazeti lilichapisha majina yote, langu likiwa la nne, na Jumatatu yake Bwana Tillinghast, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa dereva, akaniambia nichague, jina au kazi, nami nikafyata mkia, nikaenda kutia sahihi tangazo gazetini kwamba sikuelewa ile karatasi, kwamba dada yangu alinidanganya kuwa ni ombi la jiko la kupasha moto darasa. Nilielewa kila neno. Niliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi, na sahihi ile niliitia kwa kujivuna. Wazazi kumi na wanane walinifuata kufuta majina yao, na bodi ya shule ikamfukuza mwalimu wetu kwa kosa la udanganyifu. Miaka yote hii mmesikia kwamba aliacha ualimu kwa hiari yake, na aliyeyaanzisha maneno hayo ni mimi.

Jioni ile alikuja jikoni kwangu na gazeti, akasema, "Luthe, si ungeniambia tu? Jina lako ningelifuta mwenyewe." Kisha akaketi, akala na sisi. Afadhali angenitukana.

Hakurudi nyuma. Alishonea watu nguo, alisimama mahakamani mara tatu kwa kesi ya shule ya wazungu, na Jumatatu ya tarehe 30 Agosti 1965 aliwapeleka watoto saba wa kwanza katika shule ile, akiwemo binti yangu Ernestine, aliyeomba mwenyewe kwenda, Dada akimshika mkono kati ya watu waliokuwa wakiwatemea mate, mimi baba mtu nikiwa nyumbani nyuma ya pazia.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1991, akalazwa tarehe 18 Februari 1996, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Machi. Nilikaa kando ya kitanda chake siku zote hizo, kila siku nikiwa na neno la kuomba msamaha mdomoni, na kila siku nikaishia kumsimulia habari za mvua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta chakula bila kuombwa, na walimu wenzake wa zamani waliosafiri kutoka mbali. Orodha hii ya shukrani nayo ameiandika yeye, mwezi Novemba uliopita, na jina la mwisho ni hili: "Na mdogo wangu Luthe, kwa kuwaambia." Wakati anaandika hivyo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Pumzika kwa amani, Dada. Nimewaambia.