Enoki Mtewele na Vigae vya Mfupa Kutoka Ruhuhu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeviumba viumbe tunavyoviona na vile vilivyolala ardhini kabla ya babu zetu, tunaanza neno hili. Kwenu mliokusanyika hapa Njombe, kwenu mliopanda kutoka Makambako, na kwenu wageni wa Lugarawa mliokuwa njiani siku mbili, amani ya Bwana na iwe juu yenu.

Leo, tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Enoki Mtewele, msimamizi wa Ghala la Mifupa ya Kale, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi minane. Aliajiriwa Machi 1929, akitoka shule ya misheni, na akapewa kazi ya kuandika vibandiko kwa sababu mwandiko wake ulisomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Kwa wale wasioijua kazi yetu, ni vema ielezwe kidogo. Katika bonde la mto Ruhuhu, huko chini Ludewa, mvua hufunua mifupa ya wanyama ambao hawako tena duniani. Mifupa hiyo imegeuka mawe. Wachimbaji huifunga kwa vipande vya gunia vilivyochovywa katika plasta, huiandikia mahali na tabaka la mwamba ilikotoka, kisha huletwa ghalani Njombe. Hapa husafishwa kwa sindano na brashi, na kutengwa aina kwa aina. Ikiwa tayari kusafiri hupelekwa Makambako, na kutoka hapo malori huichukua kwenda kwenye reli.

Kutenga aina ndiko kuliko na jasho. Jino lililobapa, lililopinda kuelekea kooni na lenye makali kama msumeno, ni la mla nyama, huenda mmoja wa dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale wa jamii ya mijusi. Kigae cha mfupa chenye mashimo madogo na tuta katikati ni cha ngozi ya mgongo, na mwenye kukivaa aghalabu ni ndugu wa mbali wa mamba. Lakini wako pia wanyama wanyonyeshao waliovaa mifupa mgongoni kama ngao, na wamekwisha kufa wote wale wakubwa. Kipande kimoja kilichovunjika kinaweza kumdanganya mtu aliyesoma sana. Kinachomwokoa ni kujua kilitoka katika mwamba upi, kwa maana mnyama anyonyeshaye mwenye ngao hawezi kukutwa katika mwamba uliotangulia kuwako kwake. Basi karatasi ndogo ya kibandiko hubeba nusu ya ukweli.

Bwana Enoki alijifunza haya kwa subira. Alishuka mpaka Manda kutazama ngozi za mamba zilizoanikwa na wavuvi, akahesabu safu za vigae mgongoni, akachora kila safu. Mwenzake wa tangu mwanzo, Bwana Romanus Haule wa Lugarawa, kiongozi wa wachimbaji, alikuwa akimtania kwamba Walutheri wanampekua mamba kama wanavyopekua katekisimu. Walipoulizwa na mzee mmoja wa kanisa kama ni halali kuwapa majina wanyama ambao Adamu hakuwataja, Bwana Romanus alijibu kwamba bila shaka Adamu alichoka jioni ile, na mabaki akaachiwa Enoki.

Sasa tuseme habari ya mwaka 1934, ambayo Bwana Enoki mwenyewe ameomba isiachwe.

Mwaka huo plasta iliisha bondeni kabla ya kazi kuisha. Bwana Enoki akapika uji mzito wa ulezi, wakafungia mifupa kwa gunia na uji huo, na vibandiko vikagandishwa kwa uji huo huo. Ulipokauka ulikuwa mgumu kama ubao, na wote walimsifu. Kisha masika yakakata barabara, na mizigo ikakaa ghalani miezi mitatu. Panya wa Njombe hawakuwa wameonjeshwa ulezi mwingi kiasi hicho. Wakala uji, na pamoja na uji wakala vibandiko vya mizigo mitatu. Bwana Romanus aliyatazama mabaki akasema kwa upole, "Mwenzangu, tuliwapikia wageni tusiowaalika."

Hapo ndipo lilipotokea kosa. Alikuwako karani aliyemtangulia ambaye aliachishwa kazi kwa kupoteza fuvu moja tu. Bwana Enoki alikuwa ameoa karibuni, na mkewe, Mama Ida, alikuwa na mimba ya kwanza. Badala ya kuripoti, aliketi akaandika vibandiko vipya kwa kukumbuka, akavibandika, akanyamaza. Katika mzigo wenye vigae vya mfupa aliandika kwamba vilitoka katika mchanga wa manjano wa kingo za mto, ambao ni wa juzi juzi ukilinganisha na mwamba wa chini.

Mtaalamu aliyekuja kuipokea mizigo, Bwana Pellow, alikisoma kibandiko hicho akaamini, kama ilivyopasa. Kwa kuwa mchanga ulikuwa wa karibuni, na vigae vilikuwa vimevunjika kingo, alihukumu kwamba ni vya mnyama anyonyeshaye mwenye ngao, ambaye hajapata kuonekana katika nchi hizi. Alifurahi kiasi cha kula chakula cha mchana akiwa amesimama. Aliandika barua Ulaya, akampa mnyama jina, akaifuata mizigo Makambako.

Siku ya pili yake Bwana Enoki alikuwa akisafisha kigae kimoja kilichosahauliwa mezani. Katika mashimo yake sindano ikatoa udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Mchanga wa manjano haukuwamo hata chembe. Udongo ule ni wa mwamba wa chini, wa kale mno. Akajua kwamba kigae ni cha ndugu wa mamba, na kwamba kalamu iliyomwumba mnyama asiyekuwako ilikuwa yake.

Mtu mwingine angeweza kukirudisha kigae mezani, na hakuna ambaye angejua. Mama Ida amesimulia kwamba mumewe alirudi nyumbani mchana, hakula, akamweleza yote, na ya kwamba huenda wakarudi Mahongole kulima bila mshahara. Mama Ida alimjibu kwamba Mahongole kuna mashamba, tena mazuri.

Alfajiri alipanda baiskeli, kigae kikiwa ndani ya leso. Kutoka hapa mpaka Makambako ni karibu maili arobaini, na matope ya mwaka ule yalikuwa yakila magurudumu. Sehemu kubwa aliibeba baiskeli badala ya kubebwa nayo. Matope hayo hayo yalikuwa yamelizuia lori, hivyo alasiri alilikuta bado Makambako, mizigo imekwisha kufungwa kamba.

Hakutafuta maneno. Alifungua leso mbele ya Bwana Pellow akasema, "Bwana, kibandiko cha vigae si cha kweli. Cha kwanza kililiwa na panya. Hicho nilikiandika mimi kwa kukumbuka, wala sikukumbuka."

Bwana Pellow alikitwaa kigae, akalowesha kidole, akausugua ule wekundu, akalizunguka lori mara mbili. Kisha akaamuru kamba zifunguliwe. Siku tatu walikaa katika baraza ya duka moja la Makambako, wakipanga vipande juu ya mikeka: vigae upande mmoja, taya lenye meno ya msumeno upande wa pili, kila kimoja kikipimwa kwa udongo uliogandamana nacho na si kwa karatasi. Bwana Romanus aliletwa na gari la misheni, naye akakumbuka shimo la kila kipande. Wateja wa duka walipita wakiuliza kama nyama hiyo inauzwa. Mwishoni hapakuwa na mnyama anyonyeshaye hata mmoja. Palikuwa na ndugu wawili wa mamba, na mla nyama mmoja ambaye wataalamu wanabishana juu yake hadi leo.

Jioni ya siku ya tatu Bwana Pellow alikalia sanduku, akasema, "Enoki, umeninyang'anya mnyama wangu." Akatoa karatasi na kalamu. "Afadhali uninyang'anye wewe leo, nikiwa hai, kuliko wengine nikiwa kaburini." Akaandika barua ya pili kuifuta ile ya kwanza, na hiyo, kwa mtu wa elimu, si barua nyepesi.

Bwana Enoki hakuachishwa kazi. Aliondolewa kwenye vibandiko mwaka mzima, akawekwa kuosha brashi, naye aliziosha bila kinyongo mpaka nyingine zikaisha manyoya. Aliporudishiwa kalamu alileta utaratibu tunaoufuata: namba huandikwa kwa wino juu ya mfupa wenyewe, na ghalani liko daftari ambamo kila mtu huandika kosa lake kwa mkono wake. Ukurasa wa kwanza ni wake. Mwaka 1941 alifanywa msimamizi. Tangu hapo mizigo mia nne na kumi na miwili imepita mikononi mwake.

Hajakosa vichekesho. Bibi Bertila wa Iwawa, mkulima wa viazi, alimletea jiwe akiapa kwamba ni yai la dinosaria. Bwana Enoki alilitazama kwa heshima nusu saa nzima, akampa chai, akamweleza taratibu kwamba ni jiwe. Bibi Bertila alikunywa chai, akaliacha yai, na akarudi mwaka uliofuata kuuliza kama limeanguliwa.

Mwezi uliopita Bwana Filbert, ambaye kesho anashika funguo za ghala, alimjia asubuhi kabla ya kuvua koti. Alikuwa amegundua kwamba Agosti aliandika tabaka lisilo lake katika taya dogo, na hapana aliyeona. Bwana Enoki hakumkemea. Alisogeza daftari na kidau cha wino, akaenda kusimama dirishani mpaka mwenzake alipomaliza kuandika. Ndipo, alipogeuka, akasema kwamba sasa yeye, Enoki, anaweza kwenda nyumbani.

Bwana Enoki, tunakushukuru wewe na Mama Ida. Tunawaombea huko Mahongole siku nyingi, miguu yenye nguvu, na mahindi yasiyofikiwa na panya. Nawe msikilizaji, Bwana akulinde uingiapo na utokapo, aibariki nyumba yako na wote walalao chini ya paa lake, na aujalie ulimi wako kusema kweli ungali na wakati. Amina.

Efraimu Nyagawa, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wa Ghala