Kozi wa Miguu Myekundu

Basi lilikuwa limenasa kwenye foleni karibu na stesheni ya Liuhua, China. Swalha, furushi la viatu mapajani, hakuwa na la kufanya ila kuwasikiliza Watanzania wawili waliokaa mbele yake.

"Mnyama ana nguvu za muda mfupi tu, mdogo wangu," alisema mfanyabiashara, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza. "Duma akikimbia dakika moja, anahema. Binadamu anamaliza marathoni, na bado anapunga mkono."

"Na kozi je, kaka, yule ndege mwindaji?" aliuliza mwenzake, mwanafunzi wa elimu ya viumbe. "Kuna kozi wadogo, hawafiki robo kilo. Wanazaliwa kaskazini mwa China hii hii, kisha wanakwenda kwetu. Bahari ya Hindi wanaivuka usiku na mchana bila kutua."

"Bila kutua!"

"Mvua zikianza utawaona nyumbani, wanakula kumbikumbi."

Swalha aliitazama miguu yake. Yeye alikuja kwa ndege tatu, ameketi njia nzima, na mpaka leo miguu imevimba, viatu havimwingii.

Mfanyabiashara alimgeukia mwenzake. "Miguu yao myekundu?" aliuliza.

"Hao hao."

"Utotoni, kwetu Kondoa, tulikuwa tukiwatungua kwa manati. Tulidhani wanatoka kijiji cha pili."

Basi lilisimama Sanyuanli. Kondakta alimfokea mfanyabiashara ashuke, lakini yeye alibaki mlangoni na robota la bidhaa begani, macho juu kwenye nyaya za umeme.

"Walisafiri mbali kote kutoka huku," alisema taratibu, "mimi nikawapokea kwa mawe."