Mkasi kwa Kaka, Cherehani kwa Dada

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na uchovu huu si wa leo. Tangu ujana kichwa hiki kinanipandisha na kunishusha, daktari akaniambia ndio ugonjwa wenyewe, wa hisia kupanda na kushuka, lakini nyinyi mmeuona nusu tu. Nilipolala nimegeukia ukuta, hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi, mlisema baba anaumwa. Nilipoinuka nikawa nashona bila kula, naahidi wateja mbingu na ardhi, mlisema baba kapona, mkafurahi. Hapo ndipo nilipokuwa mgonjwa zaidi. Mmesahau nilivyoshusha mapazia ya nyumba nzima nikayakatia suti za bwana harusi ambaye hakuwepo? Marehemu mama yenu akawa anavalia nyuma ya mlango wa kabati. Chekeni, hata mimi nacheka, ila baada ya pale nilianguka vibaya, nikatamani nisiamke.

Sasa wewe kifunguamimba, dada yako ameupata ugonjwa huu huu, na juzi uliniambia hapa kitandani, "Baba, huyu tumtoe dukani, atatuaibisha kwa wateja." Usimtoe. Anaijua kazi na anaipenda. Cherehani ni yake. Mkasi mkubwa ni wako, na utakata naye meza moja. Yeye hagusi kitambaa kabla ya kupiga chaki, unamjua. Siku ukimwona anakata bila chaki, maneno yanamtoka mfululizo na usingizi hautaki, usimsifu kwa bidii. Mwombe mkasi kwa upole, mwende kwa daktari pamoja. Na akilala siku nzima usimwite mvivu, mpelekee chai, ukae naye hata kama hasemi.

Nawe binti yangu, kaka yako akikuomba mkasi, mpe, hata kama siku hiyo unamwona mjinga kuliko watu wote. Dawa usiziache eti kwa kuwa unajisikia vizuri, maana hizo ndizo zinazokufanya ujisikie hivyo. Huna laana, mwanangu. Unaumwa, na unapendwa.

Niinulieni mto kidogo... basi, inatosha. Mungu awape subira, nyinyi kwa nyinyi, asiwatenganishe. Kifunguamimba, mkasi umo kwenye droo, uchukue... hapana, usibaki nao. Mpe dada yako kwanza. Binti yangu, ushike... sasa mpe kaka yako, mwenyewe, kwa mkono wako... niwaone.

Hivyo. Hivyo hivyo.