Ersilia Bredy, Mama wa Moto wa Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama supu iko jikoni, ipunguzieni moto, haitakimbia. Leo tunamkumbuka Ersilia Bredy wa kijiji chetu cha Vernoz, juu kabisa katika bonde la Aosta, hapa Italia. Ersilia Bredy, mama yake Livio, alifariki Jumanne iliyopita akiwa kitandani pake. Alifariki katika wiki ya tanuri.

Ersilia hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa na ng'ombe wachache, shamba la rai, ile nafaka yetu ya milimani, lililoinama kama paa, na mdomo. Mume wake alimwacha mjane mapema. Livio alikuwa bado ananyonya.

Vernoz tunaoka mikate mara moja kwa mwaka, baridi inapoanza, katika tanuri moja la kijiji. Kila nyumba ina zamu yake. Mikate ya rai inapangwa juu ya chanja darini, inakauka, na tunaila mpaka baridi ya mwaka unaofuata. Mikate yako ikitoka mizuri, umekula vizuri mwaka mzima. Ikitoka mibaya, pole yako.

Na mikate ya zamu ya kwanza hutoka mibaya. Tanuri limelala mwaka mzima, mawe yake ni ya baridi. Hata ulete kuni za msitu mzima, mawe yatakula moto, mkate uambulie masalio. Chini unaungua, ndani unabaki mzito. Wanaofuata wanakuta mawe yamepata moto, nao wanatoa mikate myekundu inayonukia hadi barabarani. Kwa hiyo zamani tulipiga kura kwa vijiti. Aliyepata kijiti kifupi, ndiye aliyeanza.

Sasa ikaja ile miaka ambayo watu walishuka bondeni kufanya kazi viwandani. Nyumba zikafungwa, moja baada ya nyingine. Tukabaki wachache, na kijiti kifupi kikawa hakikosi mtu. Mwaka mmoja kikamwangukia Sulpice Glarey, jirani yake Ersilia, kwa mara ya tatu mfululizo. Sulpice akakitupa kwenye theluji.

"Mimi basi!" akasema. "Nitanunua mkate wa dukani, na nyie fanyeni mnavyotaka."

Mwingine akasema hata yeye basi. Wa tatu akaanza kukusanya unga wake. Wasikilizaji, mnajua mambo hayo. Tanuri likikosa kuwashwa mwaka mmoja, mwaka wa pili paa linavuja, na wa tatu ni zizi la mbuzi.

Ersilia akajifuta mikono kwenye aproni. "Acheni vijiti vyenu," akasema. "Nitaanza mimi."

"Na mwakani?" Sulpice akauliza.

"Na mwakani nitaanza mimi. Haya, lete kuni, umesimama kama kigingi!"

Akaanza mwaka ule. Akaanza na uliofuata. Ersilia Bredy alipokea moto wa kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini, na tanuri la Vernoz halikukosa kuwashwa hata mwaka mmoja.

Tulimshukuru? Wapi! Shukrani ya punda ni mateke. Mkate wake ukawa mzaha wa kijiji. Sulpice, ambaye sasa alioka wa pili kila mwaka na mikate yake inang'aa, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Dada Ersilia, huu ni mkate au tofali? Niuzie miwili, nizibe ukuta wa zizi."

"Ziba kwanza huo mdomo, Sulpice. Ng'ombe wanapata baridi."

Livio anakumbuka alivyomuuliza mama yake, akiwa mdogo, kwa nini mkate wao ni mweusi chini. "Mama alinitazama," Livio ameniambia. "Akasema, kula, mwanangu. Ukishazama kwenye supu na jibini, nani anauona?"

Jumanne iliyopita, basi, Ersilia akafariki. Unga ulikuwa umeshapimwa, chachu imeamshwa. Livio alitaka tanuri lisubiri. Mkewe Nives akakataa. "Chachu ikishaamka haijui msiba," akasema. "Mama angetugombeza sote."

Asubuhi ya maziko tukakutana mbele ya tanuri. Baridi, mawe yamelala, na nafasi ya kwanza iko wazi. Tukatazamana. Ndipo mzee Sulpice akasogea na mkongojo wake.

"Natangulia mimi."

"Wewe?" akadakia mjane mmoja wa nyumba ya juu. "Uliyekula wa pili miaka yote? Kaa pembeni, naanza mimi!"

Wakaanza kuzozana, wasikilizaji! Zamu iliyokimbiwa na kila mtu sasa inagombewa. Livio akawanyamazisha. "Kila nyumba itoe mkate mmoja," akasema. "Yote iingie kwenye moto wa kwanza. Tuigawane."

Ikawa hivyo. Kila nyumba ilileta mkate wake na kuni zake. Tukaenda kuzika. Tuliporudi, tukaitoa mikate. Chini imeungua, ndani mizito, kama inavyotoka siku zote.

Nives akaikata na kuiweka mezani, pamoja na jibini na mafuta ya nguruwe yaliyokolea chumvi. Hakuna aliyefanya mzaha. Mzee Sulpice alitafuna kipande chake muda mrefu, kwa meno aliyobakiwa nayo. Akakiweka mezani.

"Alikuwa anakula huu?" akauliza. "Mwaka mzima?"

"Miaka yote, mzee," Nives akamjibu. "Na alikuwa anamaliza."

Sulpice akalia mbele yetu. Kisha akakichukua tena kile kipande, akala mpaka makombo.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nimekula mkate mzuri tangu utoto. Nyumba yetu ilioka wa nne. Ersilia Bredy, asante. Asante kwa kila supu ya majira ya baridi, asante kwa tanuri ambalo hata sasa, ninapozungumza, linatoa moshi.

Livio, Nives na ukoo wote wa Bredy, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nawe unayenisikiliza, leo ukimega mkate laini, jiulize ni nani aliyepasha mawe kabla yako. Kama yu hai, usingoje maziko. Inuka, kamgongee mlango.